Mbavu ya Kati

Msumeno ulikwama tena.

Koplo aliuvuta, akausukuma, akauvuta mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, kisha akauachia mpini ukabaki umening'inia juu ya chuma kama mkia wa ng'ombe. Alijifuta jasho kwa mkono wa shati. Vumbi la unga lililotanda katika jengo lote la kinu lilikuwa limeshika kwenye nyusi zake, likamzeesha kabla ya wakati.

"Afande, hiki chuma kina laana."

"Kina sababu," alijibu Inspekta. "Umefika wapi?"

"Hata nusu bado. Mwanzo kilikuwa kinakatika kama sabuni. Sasa kimeuma msumeno kama mbwa aliyeuma mfupa."

Inspekta alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kiatu kimoja mguuni, kingine pembeni. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyebakiza muda mfupi kustaafu, na miguu ilikuwa imeanza kustaafu kabla yake. Wenzake kituoni walimwita Kobe, nyuma ya mgongo, wakidhani hajui. Alivaa kiatu, akainuka kwa kujishika goti, akaenda kuinama juu ya chuma.

Ilikuwa fremu ya jukwaa, kubwa kama kitanda, imelazwa juu ya magogo mawili. Mbavu mbili za pembeni, mbavu moja ya kati, na vipande viwili vifupi vilivyozishika zote tatu huku na huku. Msumeno wa Koplo ulikuwa umebanwa kwenye mbavu moja ya pembeni. Ilipakwa rangi ya kijani. Pacha wake, iliyotengenezwa siku hiyo hiyo kwa mkono ule ule, ilikuwa imelala hatua chache kutoka hapo, imejikunja, imezungushiwa utepe wa polisi. Hiyo ndiyo iliyoanguka na magunia na mtu. Mtu huyo, fundi mitambo wa kinu, alikuwa sasa chumba cha maiti.

Na shemeji yake, fundi aliyezichomelea fremu zote mbili, alikuwa mahabusu.

Kesi yenyewe ilikuwa imeshonwa vizuri mno. Kwenye mbavu ya pembeni ya jukwaa lililoanguka palikuwa na mkato wa msumeno, umeingia hadi nusu ya unene wa chuma. Kwenye begi la fundi palikutwa msumeno. Na usiku wa kuamkia ajali, fundi alikwenda nyumbani kwa shemeji yake baada ya kusikia kwamba amempiga dada yake kofi, akamwambia mbele ya majirani: "Iko siku utashuka bila ngazi." Kesho yake mchana, shemeji akashuka bila ngazi.

Simu ya Inspekta ililia. Hakuhitaji kuangalia ni nani.

"Kobe... samahani, Inspekta," sauti ya mkuu wa kituo ilisema. "Nimeambiwa umeshusha jukwaa la pili na unalikatakata. Ni kweli?"

"Ni kweli, mkuu."

"Kesho asubuhi yule bwana anasimama mbele ya hakimu kwa mauaji. Mkato upo, ugomvi upo, msumeno umekutwa kwenye begi lake. Unataka nini tena, malaika ashuke na barua?"

"Fundi chuma kukutwa na msumeno, mkuu, ni kama mwalimu kukutwa na chaki."

"Una hadi kesho asubuhi. Na uje umelala, maana wiki hii nzima sura yako inatutisha." Simu ikakatika.

Koplo alijifanya hakusikia. "Labda msumeno ni butu, afande."

"Labda. Tujue."

Alimwelekeza kwenye kona, palipokuwa na kipande cha chuma cha aina ile ile, bakaa la kazi, ambacho hakijawahi kuguswa na moto. Msumeno wa kwanza ukaachwa palepale ulipobanwa. Koplo alitoa mwingine kwenye kisanduku, akakibana kipande kwenye jiliwa ya mezani, akaanza kukata. Ulipita. Ulipita mpaka mwisho, kipande kikadondoka sakafuni kikilia, na Koplo akabaki amekitumbulia macho kama aliyepunjwa.

"Chuma kimoja, unene mmoja, msumeno wa duka moja," alisema.

"Na mkono mmoja. Sasa njoo huku."

Walipita chini ya utepe. Inspekta alipiga magoti taratibu, akatoa tochi na lenzi yake ya mkononi, akaangaza ndani ya mkato wa jukwaa lililoanguka. Alikuwa ameuangalia asubuhi, na jana, na juzi. Aliuangalia tena kama mtu anayesoma barua ya zamani akitafuta neno alilolikosa.

"Niambie unachoona."

Koplo alilala kifudifudi. "Kuta mbili zimenyooka. Mistari ya meno ya msumeno, midogo midogo, yote inakwenda upande mmoja. Safi."

"Umeona mahali ambapo msumeno ulihangaika? Umekwaruza? Umepindishwa? Alama ya kabari iliyogongwa ili kupanua mdomo?"

"Hapana, afande. Aliyekata hapa hata jasho hakutoka."

"Na wewe?"

Koplo aligeuza shingo akatazama fremu ya pili, ambako msumeno wake ulikuwa umesimama wima bila kushikwa na mtu.

"Hata mimi sijamaliza kuifikiria," alisema Inspekta. "Usikimbilie."

Alichojua ni kile alichoambiwa na watu wawili ambao hawajawahi kuonana. Wa kwanza alikuwa mwalimu wa chuo cha ufundi, aliyempigia simu jana na kumsumbua kwa maswali mpaka yule mama akacheka. Chuma kikipata moto, alisema mwalimu, hutanuka, na kikipoa husinyaa. Kikiwa huru hakina neno. Lakini ukikichomelea katikati ya vyuma vingine vilivyokwisha kufungwa, hakina pa kusinyaa. Basi hubaki kinavuta, na wenzake hubaki wamebanwa, kimya kimya, rangi juu, mtu haoni kitu. Kinaweza kukaa hivyo miaka. Kinaweza pia kupasuka kabla ya chakula cha mchana.

Wa pili alikuwa fundi mwenyewe, asubuhi hiyo, mahabusu, ndevu zimemchomoza na mikono haijui pa kukaa.

"Mbavu ya kati niliiweka mwisho," alikuwa amesema. "Hiyo ndiyo inayovuta. Niliwaambia wasiiguse. Kipoe chenyewe usiku kucha, mimi nitarudi asubuhi nikipashe moto tena polepole, kilegee, ndipo wakipandishe. Wasipake rangi, wasiweke hata kuku juu yake."

"Na asubuhi ulirudi?"

"Nilikuwa nimegombana na shemeji. Sikutaka kuiona sura yake. Nikajilaza. Nilipofika getini ilikuwa mchana, na ndipo nikasikia kishindo."

Wafanyakazi walimkamata palepale getini na begi lake mkononi, wakamfungia stoo mpaka polisi walipofika. Watu kumi walisema hivyo, na wote kumi walijivunia.

Mlango wa bati ulikwaruza sakafu. Aliyeingia alikuwa msimamizi wa kinu, mtu mfupi mwenye saa kubwa, ambaye wafanyakazi walimpa jina la Leo-Leo kwa kuwa hakuna kazi aliyowahi kuagiza imalizike kesho.

"Bado mpo?" aliuliza. "Kinu kimelala tangu juzi. Watu wanataka unga, mimi nawapa pole."

"Tunachelewa kweli," Inspekta alisema. "Msumeno wetu umekwama."

Leo-Leo alikwenda akautazama, akacheka. "Koplo, wewe umezoea kalamu. Hiki chuma hakibani msumeno. Ukiutuliza mkono unapita tu."

Koplo alivuta pumzi ya kutaka kusema. Inspekta alimkanyaga kidole cha mguu, si kwa nguvu.

"Tusaidie, bwana," alisema.

Msimamizi alivua saa, akaiweka mfukoni. Alishika mpini kwa mkono mmoja na fremu ya msumeno kwa mkono wa pili, kidole cha shahada kimenyooka, kama mtu aliyefundishwa. Alivuta. Hakuna kilichotokea. Alivuta tena, kisha akapiga mpini kwa kiganja. Uso wake ulianza kubadilika, si kwa hofu bado, ila kwa kuudhika, kama mtu aliyefika mlango wa nyumba yake akakuta ufunguo hauingii.

"Mmeukata vibaya," alisema.

"Yawezekana. Siku ile ya ajali, bwana msimamizi, nani alibaki hapa?"

"Nimeshaandikisha maelezo."

"Nimeyasoma. Nataka kuyasikia."

"Vijana walimbeba marehemu kumkimbiza hospitali. Wengine walikuwa nje wanamlinda yule muuaji. Mimi nikabaki kulinda eneo, nyinyi wenyewe ndiyo mnataka hivyo, vitu visiguswe."

"Ulifanya vizuri. Peke yako?"

"Nani mwingine angekaa na damu?"

"Na mkato ukauona wewe."

"Nikauona mimi, nikawaonyesha polisi. Kama ni kosa kuwa na macho, nifungeni."

"Si kosa," alisema Inspekta. "Aliyeamuru jukwaa lipandishwe asubuhi ile ni nani?"

Msimamizi alivaa saa yake. Ilimchukua muda kuifunga. "Magunia yalikuwa yanasubiri," alisema. "Kinu si msikiti wala kanisa, mama. Hapa hatukai kimya tukingoja." Akatoka, na mlango wa bati ukakwaruza tena.

Koplo alisubiri nyayo zifike mbali. "Afande, amesema hiki chuma hakibani! Amejuaje kama hajawahi—"

"Amesema. Mtu anaweza kusema mengi akitaka kumdharau koplo." Alikaa tena juu ya ndoo, akafumba macho kidogo. "Maneno yake ni maneno. Hakimu atauliza chuma kinasemaje. Niitie yule mzee aliyepaka rangi hizi fremu."

Mpaka rangi alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia iliyokuwa imekusanya rangi za kila nyumba aliyowahi kuipaka. Alipewa shikamoo mbili, akazipokea zote, akakaa juu ya gunia bila kukaribishwa.

"Mzee wangu," Inspekta alisema, "hii kijani ni kazi yako?"

"Mikono yangu hii. Iangalie. Umeona lengelenge? Umeona mahali imevimba?"

"Sijaona."

"Na hutaona. Nimeanza kupaka rangi huyu koplo wako hajajua kufunga suruali."

"Najua kufunga mpaka watu, mzee," alisema Koplo.

"Mfunge mkeo kwanza asikukimbie, na hiyo miguu ya kuku."

Inspekta aliacha wacheke. Yeye mwenyewe alicheka kidogo. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile ya mazungumzo: "Lakini fundi alipomaliza kuchomelea ilikuwa jioni, na rangi ikapakwa jioni hiyo hiyo. Chuma cha moto si kinaharibu rangi?"

"Kinaharibu, kwa wajinga." Mzee alisogeza kofia. "Ukipaka juu ya moto, rangi inatokota kama uji. Sasa Leo-Leo anataka kazi leo. Mimi nifanyeje? Nina siri yangu. Nachukua ndoo ya maji ya baridi, namwagia kwenye mshono, fyuu, moshi unapanda, chuma kinapoa kama kilivyozaliwa. Nafuta, napaka. Wengine hawajui hilo."

"Ulimwagia mishono yote?"

"Ile ya mwisho tu, ya katikati. Ile ndiyo ilikuwa bado inang'ara kwa moto. Hili hapa la pili lilichomelewa mapema, lilikuwa limeshapoa."

"Na ulipoimwagia, ulisikia chochote?"

"Ikalia. Tak! Kama glasi uliyotia chai ya moto." Alitabasamu kwa kukumbuka. "Nikamwambia Leo-Leo, hii imelia. Akaja, akapitisha kidole, akasema pakeni, rangi itaziba. Na ikaziba. Hukuona hata mstari."

Mzee alimtazama Koplo, kisha Inspekta, na tabasamu likaanza kumpungua polepole bila yeye mwenyewe kujua kwa nini.

"Nimesema vibaya?"

"Umesema ulichokiona, mzee wangu. Kesho nitakuomba ukiseme tena. Nenda kapumzike."

Alipoondoka, Inspekta alirudi chini ya utepe. Safari hii hakwenda kwenye mkato. Alikwenda mwisho wa mbavu ya kati, pale mshono ulipoachia na kulitupa jukwaa. Alimkabidhi Koplo tochi.

"Uso wa chuma ulipovunjikia. Juu kuna rangi gani?"

"Chuma kitupu. Kinang'aa."

"Na chini, upande wa nje?"

Koplo alisogea karibu, kisha akarudi nyuma ghafla. "Kijani."

"Ndani ya chuma?"

"Ndani kabisa, afande. Rangi imeingia ndani ya ufa."

"Basi ufa ulikuwepo kabla ya brashi. Maji yaliupasua jioni ile, rangi ikaingia, na kesho yake magunia yakamalizia nusu iliyobaki." Alinyanyuka akishika ukuta. "Jukwaa halikuhitaji msumeno wa mtu yeyote ili lianguke."

"Na mkato?"

"Tafakari. Jukwaa likiwa zima, mbavu ya kati inavuta na za pembeni zimebanwa. Ukiikata ya pembeni, inakufanya nini?"

Koplo alitazama msumeno uliosimama peke yake. "Inakufanya hivyo."

"Na mbavu ya kati ikishaachia?"

"Hakuna wa kuvuta. Hakuna anayebanwa." Alisema taratibu, kama anayevuka daraja la kamba. "Msumeno unapita kama kwenye sabuni. Huu mkato ulikatwa jukwaa likiwa limeshaanguka. Na wakati huo fundi alikuwa stoo, amefungiwa na watu kumi!"

"Sasa umefika. Ila mimi na wewe kufika haitoshi."

Jua lilikuwa limeshuka kiasi cha kuingia moja kwa moja dirishani, na unga hewani ukaonekana wote. Ndipo walipogundua kuwa mlangoni amesimama mtu. Alikuwa mwanamke kijana aliyevaa nguo nyeusi, kipimo cha cherehani bado kinaning'inia shingoni, kwa kuwa hata msibani kuna nguo za watu zilizopaswa kumalizika. Mjane wa marehemu. Dada wa mtuhumiwa.

"Pole, mwanangu," alisema Inspekta.

"Nimeshapoa, mama. Nimekuja kuuliza jambo moja." Hakuingia. "Kesho nimeitwa nikaseme mbele ya hakimu alichosema kaka. Lile neno la ngazi. Upande wa mume wangu wananiambia nisipolisema nimemuuza marehemu. Upande wetu wananiambia nikilisema nimemuua kaka. Mimi nitalisema, maana alilisema. Lakini nataka kujua kwanza. Alikata, hakukata?"

Koplo alitazama sakafu. Inspekta hakuwa mtu wa kutoa jibu ambalo kesho atalazimika kulirudisha.

"Njoo uone," alisema.

Alimsogeza kwenye fremu nzima, akamwonyesha mbavu tatu, akamweleza kuhusu moto na kupoa kwa maneno machache, akijikwaa hapa na pale. Mwanamke alisikiliza huku vidole vyake vikipita juu ya chuma kama anayekagua pindo.

"Ni kama uzi," alisema mwishowe. "Ukiuvuta sana ule wa katikati, kitambaa cha pembeni kinajikunja. Ukiukata uzi, kinajilaza chenyewe."

"Sikuweza kulisema vizuri hivyo."

"Na huyo aliyekata, alikata kitambaa uzi ukiwa umeshakatika."

"Ndivyo ninavyoamini. Kesho asubuhi, kabla ya mahakama, namleta mkuu wa kituo hapa, na yule mwalimu wa chuo, na msimamizi. Tutaikata mbavu ya kati mbele yao. Ikiachia, huu msumeno utatoka wenyewe bila kuvutwa, na kila mtu ataona. Usipotoka, nitakuwa nimekosea, na nitasema hivyo."

"Kwa nini msikate sasa hivi?"

"Kwa sababu sasa hivi tutaona sisi tu. Kitu hiki kinakatwa mara moja."

Mjane alitikisa kichwa kukubali. Kisha akauliza, sauti imeshuka: "Na kaka angerudi asubuhi ile kupasha moto chuma, kama alivyoahidi? Mume wangu angekuwa hai?"

Hilo lilikuwa swali ambalo Inspekta alikuwa amelizunguka tangu asubuhi. Alilitazama, akaliacha lilipokuwa.

"Mkato najua habari zake. Hilo sijui, mwanangu. Huenda na yeye hajui. Mwulize mwenyewe, mkishatulia."

Koplo alikuwa anakusanya vifaa. Inspekta aliandika tarehe kwenye karatasi ndogo, akaizungusha kwenye mpini wa msumeno, akaibandika na kutia saini juu ya gundi. Kisha akazunguka akakagua madirisha, moja baada ya jingine, akivuta kila komeo.

"Wewe unalala hapa mlangoni," alimwambia Koplo.

"Na Leo-Leo akija?"

"Atakuja. Mwambie leo hapana."

Walipokuwa wanatoka, mjane alibaki nyuma. Alisimama mbele ya fremu. Kisha akanyoosha mkono, akapitisha vidole chini ya karatasi bila kuichana, akaushika msumeno kwa ubavu wake na kuuvuta. Hakuuvuta kwa kujaribu tu. Aliegemea nyuma kwa uzito wake wote, meno yameumana, machozi yakimshuka kwa mara ya kwanza tangu aingie, na chuma hakikutikisika.

Aliuachia. Alijitazama viganja.

"Kaka anavaa shati kubwa kidogo," alimwambia Inspekta mlangoni, akikunja kipimo chake na kukitia mfukoni. "Nitamletea kesho lililopigwa pasi. Asisimame mbele za watu na lile la mahabusu."

Inspekta alifunga mlango wa bati, akajaribu kufuli mara mbili, akampa Koplo ufunguo.